Mama wa matopeni aliyebeba ushahidi tumboni

Februari, wakati sehemu ya maji ya visiwa vya Stockholm imeganda na baridi inapenya hadi kwenye mifupa, watafiti hutoka kwenda kuchota tope. Chombo cha chuma hushushwa kwa waya makumi ya mita hadi sakafu ya bahari, kisha hupandishwa. Tope lililoingia ni laini kama uji mzito. Humiminwa kwenye chekeche, huoshwa polepole, na kinachobakia juu ya wavu ndicho kilichofuatwa: viumbe weupe waliojikunja mgongo mfano wa uduvi, hata sentimita moja hawafiki.

Majike wenye mimba huokotwa mmoja mmoja. Hawatiwi dawa ya kuhifadhi mizoga. Huwekwa katika maji yenye baridi na kusafirishwa wakiwa hai, kwa kuwa kinachotafutwa huonekana sawasawa mama akiwa mzima. Maabarani, chini ya hadubini, kibano chembamba hufungua mfuko ulio chini ya kifua chake, katikati ya miguu. Humo mna viinitete makumi mawili, pengine matatu, vimebanana kama punje za mtama kwenye suke.

Kimoja kimoja hutazamwa. Je, jicho limejitokeza? Miguu imejigawa pingili inavyopasa? Utando wa nje ni mzima au umevimba? Kimekua sawa na ndugu zake au kimeachwa nyuma? Ki hai au kimekufa? Jibu huandikwa, kibano huhamia kwa kinachofuata. Mama mmoja akimalizika, huletwa mwingine. Kisha kituo kingine, na tope jingine. Tangu miaka ya 1990 kazi hii imo katika mpango wa taifa wa Sweden wa kufuatilia afya ya bahari, na hurudiwa msimu wa baridi baada ya msimu wa baridi.

Ni kazi hiyo iliyomnasa mwandishi wa makala haya. Mwongozo wake ulichapishwa mwaka 2008 na ICES, baraza la kimataifa la utafiti wa bahari lenye makao yake Copenhagen. Waandishi wake ni Brita Sundelin wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Ann-Kristin Eriksson Wiklund na Alex Ford. Ni maandishi ya maabara, yamejaa hatua na tahadhari, hayakukusudiwa kumgusa mtu moyo. Lakini anayeyasoma hadi mwisho hubaki na swali: ilikuwaje mwanadamu akafika mahali pa kupima madhara ya viwanda vyake kwa kufungua mfuko wa uzazi wa kiumbe mdogo kama punje, na kiumbe huyo amemwambia nini?

Jina lake la kisayansi ni Monoporeia affinis. Waswidi humwita vitmärla, jina linalobeba weupe wake ndani. Ni mabaki ya enzi ya barafu. Barafu ilipoyeyuka na kurudi kaskazini miaka elfu kumi hivi iliyopita, yeye na wenzake wachache walibaki nyuma katika maji yenye baridi ya Bahari ya Baltic na katika maziwa makubwa ya Sweden. Mtaalamu wa wanyama Sven Lovén aliwaeleza ndugu hao wa barafu waliobaki ziwani Vättern katika miaka ya 1860, akaonyesha kwamba ziwa la maji matamu linaweza kuhifadhi historia ya bahari iliyoondoka.

Maisha yake ni mafupi na yana ratiba kali. Mchana hujifukia kwenye sentimita chache za juu za tope, usiku baadhi yao huogelea juu. Majira ya kuchipua, mimea midogo inayoelea baharini hufa kwa mabilioni na kuzama, naye hula na kujaza mafuta mwilini. Novemba hupandana. Dume hufa baada ya hapo. Jike hubeba mimba kipindi chote cha giza na baridi, huachilia watoto mwishoni mwa msimu huo au mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kisha naye hufa. Huzaa mara moja tu maishani. Hana mwaka wa pili wa kusahihisha.

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja amezoea bahari inayojifunua. Maji yakipwa, wanawake hushuka na vikapu kuokota chaza na kome, watoto hufukua minyoo ya chambo, na mwenye macho huona mwenyewe kama pwani ina uhai au imekufa. Stockholm hakuna neema hiyo. Baltic karibu haina kupwa na kujaa. Sakafu yake haionekani mwaka mzima, na lolote linaloipata hupita bila shahidi, isipokuwa mtu afanye safari ya kwenda kulichota.

Jiji lenyewe limekaa mlangoni. Ziwa Mälaren humwaga maji yake matamu katikati ya mji, kwa Norrström na Slussen, nayo huteleza juu kuelekea visiwani huku maji ya chumvi yakiingia kwa chini. Hata hiyo chumvi ni hafifu: visiwa vya nje vina gramu 6 hivi kwa lita, wakati bahari kuu ina 35. Wanyama wengi wa baharini hawawezi kuishi hapo, na wengi wa maji matamu pia hawawezi. Waliomudu kukaa matopeni ni wachache wa kuhesabika: vitmärla, kome mdogo wa Baltic mwenye gamba la rangi ya waridi, mdudu wa magamba anayeitwa skorv anayeweza kuwa mrefu kama kidole, na wenzao kidogo. Penye spishi mia, mmoja akitoweka wapo wa kushika zamu. Hapa hakuna.

Na zamu yenyewe ni nzito. Vitmärla wanaweza kuwa maelfu katika mita moja ya mraba, na kila mmoja anafukua. Kwa kufukua huko hewa ya oksijeni huingia ndani ya tope, mabaki ya mimea huliwa, na chakula hupanda kwa samaki, kwani wao ni riziki ya samaki wanaovuliwa na kuliwa na watu. Mafuta aliyojaza mwilini kwa ajili ya mimba ndiyo hayohayo yanayohifadhi sumu zinazopenda mafuta. Anachokula kiko kwenye tope, anakolala ni kwenye tope, na sumu nyingi za viwanda haziyeyuki vyema majini: hung'ang'ania chembe za udongo na kuzama nazo. Hana pa kukimbilia.

Sundelin alianza kwa kumuuliza swali moja kwa utaratibu. Mwaka 1983, katika jarida la Marine Biology, aliandika juu ya majaribio aliyoyafanya kwa kujenga vipande vidogo vya sakafu ya bahari maabarani, tope halisi na maji ya Baltic yakipita, kisha akatia kadimiamu, madini yanayotoka viwandani, na kuwafuatilia wanyama hao kwa muda mrefu. Alichotilia mkazo tangu mwanzo ni uzazi. Vipimo vya kawaida vya sumu huuliza ni wangapi wamekufa. Yeye aliuliza waliosalia wanazaa nini. Mwaka uliofuata aliongeza risasi, akaitazama peke yake na ikiwa pamoja na kadimiamu, kwa sababu sumu za viwandani hazisafiri moja moja.

Jibu lilikuwa mfukoni mwa mama. Mtu mzima anaweza kuonekana salama, anachimba, anakula, na huku watoto aliowabeba wameharibika. Kipimo kinachohesabu maiti kingempita bila kumwona.

Kutoka maabara Sundelin alikwenda baharini. Mwaka 1998, yeye na Eriksson Wiklund walichapisha katika Marine Ecology Progress Series matokeo ya kuwachunguza vitmärla wa Baltic wenyewe, na wakaonyesha kwamba viinitete vyenye ulemavu ni vingi zaidi karibu na mahali viwanda vinapotoa taka kuliko mahali pa mbali. Wenye ulemavu hawakosekani kabisa hata penye maji safi. Katika mimba nyingi, asilimia ndogo huharibika kwa maumbile tu. Hoja ni tofauti kati ya kituo na kituo, mwaka na mwaka, na ndiyo maana ya kurudi kila msimu wa baridi na kuhesabu upya.

Hapa ndipo hoja ya Sundelin inapochukua uzito wake, nayo ndiyo inayostahili kusimuliwa taratibu. Madhara hayafanani. Kiinitete chenye umbo lililopotoka, miguu isiyokamilika, jicho lililodumaa au utando ulioharibika, huelekeza kidole kwenye sumu. Mayai yaliyokufa yote kwa pamoja mfukoni huelekeza kwenye uhaba wa oksijeni, jambo ambalo yeye na Eriksson Wiklund walilipima mwaka 2001 walipoonyesha kwamba hata upungufu wa wastani wa hewa, ukichanganyika na joto kupanda, huvuruga uzazi wa vitmärla na wa binamu yake Pontoporeia femorata. Kwa hiyo mfuko mmoja, ukisomwa na mtu aliyezoea, hausemi tu kwamba mama ameumia. Husema pia ameumizwa na nini.

Mkemia anaweza kupima tope na kutoa orodha ya kemikali alizojua kuzitafuta. Asiyoijua haimo kwenye orodha yake. Kiinitete hakina orodha. Kinaumbika au hakiumbiki, kwa jumla ya yote yaliyomfikia mama yake, yale yenye majina na yale yasiyo na majina. Komisheni ya HELCOM, inayounganisha nchi zinazopakana na Baltic, imekitambua kipimo hiki miongoni mwa viashiria vyake vya madhara ya sumu.

Orodha ya yaliyotupwa katika maji ya Stockholm ni ndefu. Kisiwa kidogo cha Beckholmen, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji, jina lake lenyewe limetokana na lami iliyokuwa ikichemshwa hapo karne ya 17. Baadaye pakachimbwa gudi za kutengeneza meli, na kila chombo kilichokwanguliwa tumbo lake kiliacha rangi na metali ardhini na majini. Udongo wake ulichafuka kiasi cha kuhitaji kuchimbwa na kuondolewa. Ng'ambo, upande wa Nacka, karakana ya Finnboda ilianzishwa mwaka 1874 na kuunda meli kwa zaidi ya karne. Majitaka ya mji yaliingia baharini bila kusafishwa mpaka mitambo ya Bromma ilipofunguliwa mwaka 1934 na Henriksdal mwaka 1941.

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu hupaka deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ili chombo kisiliwe na wadudu wa baharini. Viwanda vya karne ya 20 vilileta dawa ya kazi hiyohiyo yenye ukali usio na mfano: TBT, kiambata cha bati kinachoua kila kinachojaribu kushika kwenye mbao au chuma, na ambacho katika konokono wa baharini kilifanya majike kuota viungo vya kiume. Sweden iliipiga marufuku kwa mashua ndogo mwaka 1989. Mkataba wa kimataifa wa kuiondoa kwenye meli zote ulianza kufanya kazi mwaka 2008. Hata hivyo watafiti wa Stockholm wameikuta ingali imejificha kwenye matabaka ya zamani ya rangi za mashua za starehe, miaka mingi baada ya sheria. Mashua inakwanguliwa majira ya kuchipua, vumbi linaanguka, mvua inalisukuma majini.

PCB, sumu nyingine ya viwandani, nayo ina uhusiano wa damu na jiji hili. Ni Sören Jensen, mkemia wa Stockholm, aliyeitambua kwa mara ya kwanza katika viumbe hai mwaka 1966 alipokuwa akitafuta DDT na kukutana na kitu asichokijua ndani ya samaki na ndani ya tai mkubwa wa mkia mweupe aliyeokotwa amekufa visiwani. Aliikuta hadi kwenye nywele za familia yake mwenyewe. Sweden ilizuia matumizi yake ya wazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Iliyokwisha kuzama ilibaki ilikozama.

Namna ilivyobaki ni jambo la kuona kwa macho. Katika ghuba za ndani za Stockholm, mahali oksijeni ilipokwisha na wanyama wote wakafa, hapakuwa na wa kufukua tena. Tope likashuka kimya, tabaka la mwaka huu juu ya tabaka la mwaka jana. Bomba likisukumwa chini na kuvutwa, nguzo ya tope hutoka na mistari, mweusi na wa kijivu, mweusi na wa kijivu, inayohesabika kama pete za mti. Mtafiti hushuka mstari kwa mstari na kufika miaka ya 1960. Ni kumbukumbu safi kabisa ya viwanda, na usafi wake umetokana na kifo: tabaka halichanganyiki kwa sababu hakuna aliye hai wa kulichanganya.

Kisha akaja mgeni. Mwaka 1985 mnyoo wa jamii ya Marenzelleria, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini, alionekana katika Baltic kwa mara ya kwanza, na wenye kulifuatilia jambo hili wanaamini aliletwa na maji ya kusawazishia meli. Huyu anastahimili uhaba wa hewa, na huchimba chini kuliko wenyeji wote. Alifika Stockholm. Mwaka 2010, Magnus Karlsson, Per Jonsson na wenzao waliandika katika jarida la Ambio kwamba ghuba za ndani zinaonyesha dalili za kupona: mistari imeanza kufutika, juu pamechanganyika, uhai umerudi. Majitaka yaliyosafishwa kwa miongo yalifungua njia, na mnyoo akaingia kwa njia hiyo.

Ungekuwa mwisho mwema. Lakini mwaka 2008 Maria Granberg, Jonas Gunnarsson, Jenny Hedman na wenzao walikuwa wameshachapisha utafiti kuhusu mnyoo huyohuyo. Akichimba, hupitisha maji ndani ya tope kwenda juu na chini, na sumu za zamani zilizokuwa zimezikwa hutoka na maji hayo. Mlango anaoingizia hewa ndio mlango anaotolea PCB ya akina babu.

Basi ni mkombozi au ni mfukua makaburi? Utafiti wa upande mmoja haujaufuta wa upande mwingine, na vyote viwili vinatendeka kwenye shimo moja la mnyoo mmoja. Na vitmärla anasimama wapi katika hilo? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idadi yake iliporomoka vibaya katika bahari ya Bothnia, kaskazini mwa Stockholm, na mgeni akatanda. Akiwa haba, mfuko wa kufungua nao unakuwa haba. Maji yakizidi joto, mayai yaliyokufa na watoto waliopinda watakutana katika mama mmoja, na anayesoma atapata kazi ngumu kutenganisha mkono wa kiwanda na mkono wa hali ya hewa. Je, kipimo kitadumu kuliko kiumbe anayekibeba? Na kama marufuku ya TBT ya 1989 bado inasubiri rangi ya zamani iishe kukwanguliwa, tope linasubiri mpaka lini?

Nyumbani, Mto Msimbazi hupita kwenye viwanda na makazi ya Dar es Salaam kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Mombasa imezungukwa na hori za Tudor, Makupa na Kilindini, zenye mikoko, bandari na majalala. Mabishano juu ya maji hayo huwa ni ya rangi, harufu na mifuko ya plastiki inayoelea, yaani yale ambayo jicho linayaona kutoka darajani.

Lakini kila mvuvi wa mikokoni anamjua kaa jike mwenye mayai. Hubeba mimba yake nje, chini ya tumbo, kama yule wa Stockholm anavyobeba yake kifuani. Hadubini zipo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo Zanzibar, KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ipo Mombasa, na vijana waliosomea kazi hii wapo. Wenye mamlaka wakitaka kutuambia kwamba hori imesafika, watuonyeshe pia mayai hayo: kutoka kituo kilekile, mwezi uleule, mwaka baada ya mwaka, na yahesabiwe yaliyo mazima na yaliyoharibika. Kazi hiyo ianze sasa, hata kama ni kwa hori moja.